Jina Lililomo Ndani ya Kaseti: Tahakiki ya Desturi za Kuhifadhi na Kuonyesha Kaseti za Michezo ya Video ya Mkononi kwa Mtazamo wa Kasese na Bwera

Ikisiri

Makala haya yanahakiki desturi zilizoenea duniani za kuhifadhi na kuonyesha kaseti za michezo ya video ya mkononi, kisha yanazipima kwa mazingira ya Kasese na Bwera, magharibi mwa Uganda. Hoja yake ni kwamba desturi hizo, pamoja na kutofautiana kwake, hutunza ganda na programu, vitu ambavyo nakala zake zimetapakaa duniani, na huacha ipotee rekodi ya mchezaji, ambayo haina nakala popote. Makala hayaripoti mkusanyiko wa mtu mmoja wala wa taasisi moja. Yanajadili namna ya kutazama, na yanapendekeza kwamba sera ya urithi ianze kuitambua rekodi hiyo kabla betri zinazoishikilia hazijaisha.

1. Kaseti na betri yake

Kwa msomaji ambaye hakukua na vifaa hivi, maelezo machache yanahitajika. Kifaa cha Game Boy cha kampuni ya Nintendo kilitoka Japani mwezi Aprili 1989. Kilitumia betri nne za kawaida za aina ya AA, kwa hiyo kingeweza kuchezewa mahali popote palipo na duka la kuuza betri za redio na tochi. Michezo yake iliuzwa ndani ya kaseti za plastiki zinazoenea kiganjani. Ndani ya kila kaseti mna bodi ndogo yenye chipu iliyobeba programu, na programu hiyo, ikishatiwa kiwandani, haibadiliki. Kaseti ya Tetris haikuwa na zaidi ya hapo: ukizima kifaa, alama zote ulizopata zinafutika.

Michezo mirefu, isiyomalizika kwa kikao kimoja, ilihitaji kumkumbuka mchezaji. Ikaongezwa chipu nyingine ya kumbukumbu inayoandikika, na kwa kuwa chipu hiyo husahau kila kitu umeme ukikatika, ikaunganishwa na betri ya saa, ile bapa yenye umbo la sarafu, iliyoshikizwa kwenye bodi kwa kulehemu. Kitendo cha kuandika humo wachezaji wa kwetu hukiita kusevu, na sina sababu ya kutafuta neno jingine. Betri hiyo haina swichi wala haichajiwi. Hufanya kazi usiku na mchana, kaseti ikiwa ndani ya kifaa au sandukuni, kwa muda wa miaka kumi, kumi na mitano, pengine ishirini na zaidi. Siku inapokwisha, kaseti haionyeshi dalili yoyote kwa nje. Mchezo unawaka kama kawaida, isipokuwa humkuti tena yule aliyeucheza.

Chukua Pokémon, mchezo uliotoka Japani mwaka 1996 na kufika Marekani mwaka 1998. Jambo la mapema analotakiwa mchezaji kufanya ni kuandika jina lake, kisha jina la mshindani wake. Katika toleo la Kiingereza jina halizidi herufi saba. Kwa msomaji wa London jambo hili ni dogo. Kwa Mkonzo si dogo, kwa sababu majina ya Wakonzo hueleza mtu alizaliwa wa ngapi: mwana wa kiume wa kwanza ni Baluku, wa pili Bwambale, wa tatu Masereka, wa nne Kule, wa tano Thembo, kwa mabinti, wa kwanza ni Masika, wa pili Biira, wa tatu Kabugho. Baluku anaenea katika herufi saba. Kabugho anaenea bila nafasi kubaki. Bwambale na Masereka hawaenei. Mtoto wa pili na wa tatu wa kiume wanalazimika kujikata, ama kuchukua jina la kanisani au la msikitini, ama kuazima la kaka yao. Na nani atawekwa kuwa mshindani, kama si ndugu anayesubiri zamu yake pembeni? Tarakilishi ya kiwandani huko Japani haikujua kwamba inauliza swali la ukoo. Jibu la swali hilo ndilo linaloshikiliwa na betri ya saa.

2. Kioo, ukuta na meza

Kuna namna tatu kuu za kuziweka kaseti hadharani, na kila moja ina falsafa yake.

Ya kwanza ni ya mnada. Kaseti ambayo haijafunguliwa kutoka kwenye boksi lake hupewa daraja, hufungiwa ndani ya kasha gumu la plastiki angavu, na thamani yake hutokana na kutoguswa. Mwezi Julai 2021 nakala ya Super Mario 64 iliyofungwa hivyo iliuzwa Marekani kwa dola milioni 1.56. Huo ulikuwa mchezo wa kifaa cha sebuleni, lakini kanuni ni ileile kwa kaseti za mkononi, na imeshuka hadi kwa mkusanyaji wa kawaida: kaseti husimamishwa rafuni, lebo mbele, zikapangwa kwa rangi au kwa namba za kiwanda, na ile yenye jina la mtoto lililoandikwa kwa kalamu nyuma yake huhesabiwa kuwa na kasoro. Kwa mtazamo huu kaseti iliyo bora kuliko zote ni ile ambayo haikupata kuwa na mchezaji. Nakiri kwamba rafu hizo hupendeza macho. Lakini kuziita hifadhi ya historia ya uchezaji ni kama kuita duka la sare za shule historia ya elimu.

Ya pili ni ya jumba la sanaa. Mwezi Novemba 2012 Jumba la Sanaa za Kisasa la New York, MoMA, lilitangaza kuingiza michezo kumi na minne katika mkusanyiko wake, Tetris ikiwamo. Ilipoonyeshwa mwaka uliofuata, makasha na maboksi yaliondolewa, zikabaki skrini ukutani na vidhibiti vyake. Uamuzi huo ulikuwa na mantiki: mchezo ulichukuliwa kuwa ubunifu, na ganda kuwa kifungashio tu. Hata hivyo mantiki hiyo inamfaa zaidi mbunifu. Ganda likiondolewa, huondoka pia kila alama ya matumizi, na mtazamaji hubaki na kazi ya mhandisi pekee, safi, isiyo na mahali.

Ya tatu ni ya meza ya kuchezea. Maonyesho ya Game On yaliyofunguliwa katika ukumbi wa Barbican, London, mwaka 2002, yaliwaruhusu wageni kucheza, na majumba kadhaa yaliyofunguliwa baadaye yamefuata njia hiyo. Katika zote tatu hii ndiyo inayonivutia, na ndiyo yenye hatari kubwa zaidi kwa jambo ninalolitetea. Mgeni anapoketi na kuchagua kuanza mchezo mpya, kisha akasevu, rekodi iliyokuwamo inafutwa. Mkono wa mgeni mmoja mchangamfu, kwa dakika chache tu, huondoa miezi ya maisha ya mtoto asiyemjua.

Patatokea pingamizi hapa kwamba programu zenyewe zimo hatarini, kwa hiyo si haki kuzungumzia rekodi za watoto wakati nyumba yote inaungua. Ni kweli kwamba utafiti uliotolewa mwaka 2023 na Video Game History Foundation ulionyesha kuwa asilimia 87 ya michezo ya zamani iliyotolewa Marekani haipatikani tena sokoni, na kwamba kwa jamii ya Game Boy inayopatikana haifiki asilimia 6. Lakini kutouzwa si kutokuwapo. Kaseti za Pokémon zilichapwa kwa mamilioni, na programu iliyomo katika moja ndiyo iliyomo katika nyingine zote za toleo lake. Tatizo la programu ni la sheria na biashara, na lina watetezi wenye sauti. Rekodi ya mchezaji haina mtetezi, kwa kuwa hata mwenyewe amekwisha kuisahau.

3. Kutoka Nyamwamba hadi Lhubiriha

Miongozo ya kutunza kaseti, iliyoandikwa kwa ajili ya nyumba za Ulaya na Marekani, husema: weka mahali pakavu, pa baridi ya wastani, pasipo jua. Kasese mji umeketi katika bonde la joto chini ya Rwenzori, na mstari wa Ikweta unapita ndani ya wilaya. Jua linaloingia dirishani hula rangi za lebo, nyekundu ikitangulia. Misimu miwili ya mvua huleta unyevu unaotia kutu kwenye meno ya shaba ya kaseti. Sisi tuliokuwa tukiyapuliza kwa mdomo ili mchezo uwake tulikuwa tukiongeza unyevu uleule, tukidhani tunatoa vumbi. Kilichosaidia ni kuichomoa kaseti na kuichomeka upya. Pamba yenye spiriti ingetosha.

Hata hivyo vumbi na jua si adui mkuu. Mwezi Mei 2013 mto Nyamwamba ulifurika na kuharibu makazi na miundombinu ya Kilembe. Mwezi Mei 2020 ukafurika tena, na hospitali ya Kilembe ikawa miongoni mwa vilivyoharibiwa. Upande wa Bwera, mto Lhubiriha ambao ndio mpaka wetu na Kongo umewahi nao kuacha njia yake. Mahali ambapo hospitali haisalimiki, kabati la kioo lenye taa ndani na kufuli mlangoni si hifadhi. Mkusanyiko unaofaa Kasese ni ule unaoweza kubebwa na mtu mmoja kwenda mlimani usiku: kasha la plastiki lenye mfuniko unaobana, kaseti zimesimamishwa wima, vifuko vya kunyonya unyevu vimewekwa kati yake, na betri za AA zimetolewa ndani ya vifaa ili zisivuje. Uzuri wa maonyesho uje baadaye, siku ya maonyesho.

Kuna jambo jingine ambalo miongozo hiyo hailigusi. Wakusanyaji hufundishana kutambua kaseti bandia ili kuzitupa: skrubu isiyo ya kiwanda, lebo iliyofifia, herufi iliyokosewa. Lakini sehemu kubwa ya uchezaji wa Afrika Mashariki ilipitia bidhaa za kuiga, zikiwamo zile kaseti za runinga za rangi ya manjano zilizodai kubeba maelfu ya michezo huku orodha ikirudia michezo ileile michache, na vile vifaa vya mkononi vya matofali yanayoshuka, ambavyo havikuwa na kaseti kabisa. Kipimo cha uhalisi kilichotungwa kwa ajili ya mnada kikitumiwa hapa, kitatuachia rafu safi isiyofanana na utoto wa mtu yeyote wa Bwera. Kaseti nyingi bandia hazikutiwa hata betri, na mchezo uliosevuliwa ulipotea. Kutosevu huko nako ni ushahidi: kuna watoto waliocheza mwanzo uleule mara nyingi, wakaujua kwa moyo, wasiuone mwisho.

Tumewahi kupoteza kitu cha namna hii. Vibanda vya video vya Uganda vilipoanza kuwa na wafasiri, wale maarufu kwa jina la VJ, filamu ya Hong Kong au ya Marekani ilipewa sauti ya Kiganda papo hapo mbele ya watazamaji. Tanzania ilimpata Lufufu na Kenya DJ Afro, kwa Kiswahili. Filamu zenyewe zipo hadi leo. Ufasiri wa miaka ya mwanzo, uliotolewa kwa mdomo bila kurekodiwa, haupo. Na hata uliorekodiwa uliponea kwa bahati ya soko, kwa kuwa aliyekuwa akitunza alitunza filamu. Wahakiki wa fasihi simulizi wameandika mengi kuhusu tabaka hilo la kienyeji juu ya kitu cha kigeni, lakini waliandika likiwa limekwisha kupita.

Niruhusiwe kuongeza neno moja kuhusu kobalti. Mgodi wa shaba wa Kilembe, uliovutia reli hadi Kasese mwaka 1956, uliacha lundo la mabaki yenye madini, na kuanzia mwaka 1999 kampuni ya Kasese Cobalt iliyachakata mabaki hayo kwa msaada wa bakteria ili kupata kobalti. Miaka hiyohiyo vifaa vya michezo vilikuwa vikiacha betri za kutupa na kuhamia betri za kuchaji za lithiamu, kama Game Boy Advance SP ya mwaka 2003, na betri za aina hiyo kwa kawaida zilihitaji kobalti. Hakuna awezaye kufuatilia gramu fulani kutoka Kasese hadi kiganja fulani, na sitajaribu. Nasema tu kwamba maonyesho yatakayofanyika Kasese yakimweka mkazi wa hapa kama mpokeaji wa mwisho wa kitu kilichobuniwa mbali, yatakuwa yamesahau lundo lililoko nyuma ya mji.

4. Ala inayopigwa

Uganda haina haja ya kuazima nadharia yote kutoka New York. Jumba la Makumbusho la Uganda, lililoasisiwa mwaka 1908 na kuhamia jengo lake la sasa Kampala mwaka 1954, lilipata sifa chini ya Klaus Wachsmann kwa jambo lililokuwa geni wakati huo: ala za muziki zilipigwa. Waliajiriwa wanamuziki waliozijua, na mgeni alisikia. Wachsmann aliona kwamba ngoma iliyo kabatini ni mti na ngozi. Lakini hakuishia kwenye kupiga. Alirekodi wapigaji wa maeneo mbalimbali ya nchi, na rekodi hizo, ambazo nakala zake zimerudishwa Chuo Kikuu cha Makerere, leo zina thamani ambayo ala peke yake haiwezi kuwa nayo, kwa sababu zinatunza mkono wa mtu fulani, siku fulani.

Mfano huo ndio ninaoupendekeza, kwa marekebisho ya hali. Kaseti yenye rekodi ya mchezaji ni ala na santuri kwa pamoja. Isichezwe na mgeni kabla rekodi haijanakiliwa. Kazi yenyewe ni nyepesi kuliko inavyosikika: vipo vifaa vidogo vya kusomea kaseti kupitia tarakilishi, na rekodi nzima ya Pokémon ya kwanza haizidi kilobaiti 32. Kaseti elfu moja za aina hiyo zingechukua megabaiti zipatazo 32, yaani chini ya nafasi ya video fupi ya harusi katika simu. Baada ya kunakili, fundi simu yeyote wa Kasese au Bwera mwenye bisibisi ya kufaa na kifaa cha kulehemu anaweza kuondoa betri ya zamani na kutia mpya, na rekodi ikarudishwa. Mpangilio huo usigeuzwe. Fundi akianza na betri, ataikabidhi kaseti inayofanya kazi vizuri kabisa na isiyo na kitu ndani. Kaseti za Gold na Silver za mwaka 1999 zitangulie, kwa kuwa saa iliyomo ndani yake huila betri haraka zaidi, na nyingi zimekwisha kunyamaza. Zile za Ruby na Sapphire zilizofuata zinaweza kusubiri; betri yake huendesha saa tu, na rekodi hukaa katika chipu isiyohitaji umeme.

Sheria haijasaidia sana. Sheria ya Kumbukumbu za Kihistoria ya mwaka 1967 iliwawazia akiolojia na mila, na haikuweza kuwaza vinginevyo. Mkataba wa UNESCO kuhusu urithi wa kidijitali wa mwaka 2003 ni mpana vya kutosha, ila unazielekea zaidi taasisi kubwa na kazi zilizochapishwa. Washauri wa sera watauliza kuhusu hakimiliki, na hapa nadhani kuna mlango ambao haujabishwa. Programu ni ya kampuni, na kuinakili kunazua maswali chini ya sheria ya hakimiliki ya Uganda ya mwaka 2006. Rekodi imeandikwa na mchezaji. Ni kweli kwamba bila programu haisomeki. Lakini hata shajara iliyoandikwa katika daftari lenye chapa ya kiwanda haiwi mali ya kiwanda. Kumbukumbu ya wilaya au maktaba ya umma ingeweza kutunza rekodi peke yake, pamoja na kaseti halali ya kuisomea, bila kugusa haki ya mwingine.

Swali gumu zaidi ni la faragha, na silioni likimalizwa na sheria ya ulinzi wa data ya mwaka 2019, ingawa lazima lianzie hapo. Jina lililomo ndani ya kaseti ni la mtoto, na mtoto huyo sasa ni mtu mzima. Kaseti zimeuzwa, zimebadilishwa, zimevuka daraja la Mpondwe kwenda Kasindi na kurudi ndani ya mabegi ambayo hayakuandikishwa popote. Mwenye kaseti leo mara nyingi si mwenye jina. Kabla ya kuonyesha, mtunzaji anapaswa kumtafuta mwenye jina, na katika jamii ambayo jina la Baluku lina maelfu ya wenyewe, kumtafuta kwa jina peke yake hakutoshi. Itabidi aulize kaseti ilitoka nyumba ipi, nani alikuwa wa pili kuzaliwa, na nani alizoea kungoja zamu. Mahojiano hayo, kwa Kikonzo au kwa Kiswahili, yawekwe pamoja na kaseti, hata mwenye jina akikataa lisionyeshwe. Na pale skrini inapoonyesha herufi saba zisizo jina kamili la mtu yeyote, kadi ya maelezo iandike hizo herufi saba kama zilivyo, bila kuzisahihisha.